Programu yangu ya kuhesabu ushindi imetuharibia meza

Najua niliahidi sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata, na inakuja, lakini wiki hii kichwa changu kimejaa jambo lingine na nisipoliandika halitatoka. Ni jambo la kadi. Ila ndani yake kuna programu, kwa hiyo wale mliokuja kusoma mambo ya kompyuta msikimbie.

Kwanza nieleze meza yenyewe. Hapa Kitui mjini tuko watu wanane tunaokutana Jumamosi alasiri kucheza. Tulianza na kadi ya kawaida, ile ambayo kila aliyepitia shule ya bweni nchini Kenya anaijua: mbili na tatu za kumlisha mwenzako, jeki ya kumruka mtu, kingi ya kurudisha mzunguko, malkia na nane za kuuliza swali, na ole wako usahau kutamka "niko kadi" kabla ya kumaliza. Mchezo mzuri, na hauna mwenyewe. Ukitoka hapa ukaenda Mwingi au Wote utakuta sheria zimegeuka kidogo, na mtabishana dakika kumi kabla ya kugawa. Hakuna ofisi ya kupeleka rufaa.

Halafu mwenzetu mmoja, mwalimu, akarudi kutoka Nairobi na boksi la Magic: The Gathering. Kwa asiyeujua, mchezo huu ulitungwa na Richard Garfield, mtu wa hisabati, ukaanza kuuzwa na kampuni ya Wizards of the Coast mwaka wa 1993. Tofauti yake na kadi yetu ni moja kubwa: hapa hatuchezi kwa pakiti moja ya wote. Kila mtu anakuja na deki yake (si ile ya kupigwa sakafuni kwa kitambaa) aliyoipanga mwenyewe nyumbani, kadi zisizopungua 60, na kadi ya aina moja isizidi nne, ukiacha zile za ardhi za kawaida. Unachagua kutoka maelfu ya kadi. Kwa hiyo nusu ya mchezo inachezwa kabla hujaondoka kwako: unakaa kitandani unajiuliza wenzako wataleta nini, nao wanajiuliza utaleta nini. Jumla ya hizo deki ambazo watu wanatarajiwa kuleta ndiyo wachezaji wanaiita meta.

Kuhusu gharama, sisi tunachapisha kadi kwenye karatasi, tunakata kwa makasi na kuzivisha juu ya kadi kuukuu. Kampuni ilishasema mwaka wa 2016 kwamba haina ugomvi na mtu anayejichapishia kadi za majaribio kwa matumizi yake, mradi asiziuze wala asizipeleke kwenye mashindano rasmi. Kadi tisa kwa ukurasa, kurasa saba, una deki. Kwa hiyo kwetu pesa si kizuizi kama ilivyo kwa wenye kununua kadi halisi. Shikeni hilo, kwa sababu tutalihitaji mbele: kwetu kubadilisha deki ni rahisi mno.

Miezi ya kwanza ilikuwa raha tupu. Watu wanane, deki saba tofauti. Mwalimu alikuwa na deki ya kungoja, ile ya kukuzuia kila unalofanya mpaka unachoka. Mwenzetu mwenye duka la M-Pesa alikuja na goblini wekundu, wengi, wadogo, wa mbio. Na kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne alikuja na viumbe vya ukungu vinavyoitwa Thallid, ambavyo vinazaana polepole kama uyoga baada ya mvua. Hakuna mtu mahali popote angekushauri upange deki ile. Alikuwa anashindwa zaidi ya kushinda, lakini aliposhinda ilikuwa baada ya dakika arobaini, meza nzima imejaa uyoga, na sote tumesimama kumtazama.

Sasa ndipo nilipoingia mimi na ujuzi wangu.

Mtu wa programu haoni kitu kinachotokea mara kwa mara bila kutaka kukihesabu. Nikaandika programu ndogo: nani alicheza na nani, kwa deki gani, nani alishinda. Kila Jumamosi usiku inatoa jedwali, deki zimepangwa kwa asilimia ya ushindi kutoka juu hadi chini, nami nalituma kwenye kikundi chetu cha WhatsApp. Nilijiona nimefanya jambo la maana. Wenzangu walinishukuru hata.

Baada ya wiki tatu, juu kabisa ya jedwali walikuwa goblini: michezo 12, ushindi 8, asilimia 67. Uyoga wa yule kijana ulikuwa mkiani. Wiki mbili baadaye watu watano kati yetu wanane walikuwa na goblini. Wote wamechapisha, wote wamekata. Wiki iliyofuata kijana hakuja. Iliyofuata pia hakuja. Nilipomuuliza alisema ana kazi nyumbani, na huenda ni kweli, lakini nina simu yenye ujumbe aliowahi kumwandikia mwalimu akiuliza kama kuna haja ya kuja kucheza kama jibu limeshapatikana.

Jibu halikuwa limepatikana. Hilo ndilo linaloniuma, maana nilipaswa kujua. Rusha sarafu mara 12. Nafasi ya kupata upande mmoja mara 8 au zaidi ni karibu asilimia 19. Yaani sarafu isiyo na ujanja wowote, isiyo goblini wala uyoga, ingepata matokeo kama yale au bora zaidi karibu mara moja katika kila mara tano. Na mimi nilikuwa na deki saba kwenye jedwali! Kati ya sarafu saba, kuna uwezekano mkubwa kwamba moja itajikuta juu kwa bahati tu. Niliipa bahati nambari, nikaiweka rangi ya kijani, nikaituma saa nne usiku. Watu waliamini kwa sababu ilitoka kwenye kompyuta.

Kuna jambo la pili ambalo jedwali langu lilificha. Ukiuliza "meza ina deki ngapi?" programu ilijibu saba mwanzoni na nne mwishoni. Si anguko la kutisha, utasema. Lakini chukua fungu la kila deki, lizidishe kwa lenyewe, jumlisha yote, kisha gawa moja kwa jumla hiyo. Hapo unapata idadi ya deki unazokutana nazo kwa kweli, si zilizoandikwa orodhani. Mwanzoni, wawili wenye deki sawa na sita wenye deki zao, inakuja 6.4. Mwishoni, watano wenye goblini na watatu wenye deki zao, inakuja karibu 2.3. Meza yenye deki nne kwa jina ilikuwa meza ya deki mbili na kitu. Mtu anayesema "mbona bado kuna aina nyingi" huwa anasoma orodha. Aliyeketi mezani akikutana na goblini mchezo baada ya mchezo hahitaji hesabu.

Wenyeji wa huku hamhitaji Magic kulielewa hili. Tunalo shambani. Mtu anauza ndengu kwa bei nzuri, jirani anaona, msimu unaofuata kijiji kizima kimepanda ndengu. Mwaka wa 2018 hata serikali ya kaunti chini ya gavana Charity Ngilu ilikuwa na kampeni yake iliyoitwa Ndengu Revolution. Silaumu ndengu, kwa mvua zetu ni mmea wa busara. Nasema tu kwamba mkulima anaamua Oktoba kwa bei aliyoisikia msimu uliopita, na wote walioisikia bei hiyo wanavuna pamoja. Bei iliyowavuta ndiyo wanaoiua wenyewe. Wanauchumi wanauita mwendo huu utando wa buibui, kwa sababu ukiuchora kwenye grafu unazunguka na kuzunguka. Meta ya kadi ni hivyo hivyo, ila msimu wake ni wiki moja. Na kumbukeni niliyowaambia juu: kwetu kubadilisha ni kurasa saba za kuchapisha. Mkulima angalau anazuiwa na mbegu aliyokwisha nunua.

Hebu niwaonyeshe hesabu moja ambayo nilipoifanya sikuamini, nikairudia. Tuseme kuna deki tatu: ya kasi, ya mtego na ya kungoja. Ya kasi inaishinda ya mtego, ya mtego inaishinda ya kungoja, ya kungoja inaishinda ya kasi, kila moja kwa asilimia 60. Kama mkasi, karatasi na jiwe. Meta ikitulia, kila deki itakuwa na theluthi moja ya wachezaji, kwa sababu fungu lolote lingine linampa mtu sababu ya kubadilisha. Sasa toa kadi mpya inayoipa deki ya kasi nguvu dhidi ya mtego: badala ya asilimia 60 inaushinda mtego kwa asilimia 80. Mengine yote yabaki. Nani ataongezeka? Kila niliyemuuliza alisema ya kasi, na mimi ningesema hivyo. Piga hesabu: meta ikitulia upya, ya kasi inashuka hadi asilimia 20, ya mtego asilimia 20, na ya kungoja, ambayo hakuna aliyeigusa, inapanda hadi 60. Kwa nini? Kwa sababu mtego unapigwa sana, watu wanauacha. Na mtego ndiye aliyekuwa adui wa kungoja. Basi kungoja anabaki bila adui, ananenepa, na chakula chake ni ile ya kasi iliyopewa zawadi. Ndiyo maana mtu anayesoma "deki fulani imeongezewa nguvu" na kukimbilia kuichukua mara nyingi anafika mahali ambapo anasubiriwa.

Lakini angalia neno "ikitulia". Meta halisi haitulii, inazunguka hapo katikati. Na nimeendesha hesabu hii kwenye kompyuta mara nyingi sasa: wachezaji wakiangalia meza yao wenyewe na kubadilisha mmoja mmoja, mzunguko ni mdogo na deki zote tatu zinabaki. Wote wakipewa jedwali moja usiku mmoja na kubadilisha pamoja, mzunguko unakuwa mkubwa, na deki moja inaweza kufika sifuri. Ikishafika sifuri hairudi, kwa sababu hakuna wa kuiiga. Uyoga ulifika sifuri.

Mambo haya wenye mchezo wanayajua kuliko mimi. Mwaka wa 2017 Wizards of the Coast walipunguza idadi ya orodha za deki za washindi walizokuwa wakichapisha kutoka Magic Online, ule mchezo wao wa kwenye kompyuta, kwa sababu taarifa zilipokuwa nyingi mno wachezaji walikuwa wanaimaliza meta upesi. Watu walikasirika sana. Nakumbuka nilikuwa upande wa waliokasirika: taarifa ni haki ya kila mtu, na kadhalika. Leo nimekaa na meza ya watu saba na ninaona walichokuwa wanakiona.

Sitaki kusema kila meta mbovu inatokana na jedwali. Kuna wakati kadi yenyewe ndiyo mbovu. Machi 2005 waliondoa kadi nane kwa mkupuo kwenye mashindano ya Standard, yaani yale ya kadi za karibuni tu, kwa sababu ya deki iliyoitwa Affinity. Juni 2011 wakapiga marufuku Jace, the Mind Sculptor na Stoneforge Mystic. (Kichekesho chake: kampuni ilikuwa inauza boksi la deki iliyopangwa tayari lenye Stoneforge Mystic mbili ndani. Ikabidi waseme ukileta boksi lile kama lilivyo, bila kubadilisha hata kadi moja, unaruhusiwa.) Februari 2016 huko Atlanta, deki sita kati ya nane zilizofika mwisho wa mashindano makubwa zilikuwa za Eldrazi, Aprili kadi yao ya Eye of Ugin ikaondolewa kwenye mashindano ya aina hiyo. Na juzi tu, Juni 30, 2025, wakapiga marufuku kadi saba za Standard kwa siku moja, kisha Novemba wakaongeza nyingine, pamoja na Vivi Ornitier iliyokuwa na miezi mitano tu tangu itoke. Mwaka huo walikuwa na matoleo sita ya Standard. Ukitoa kadi kwa kasi hiyo, usishangae meta ikikushinda mbio.

Nayataja haya kwa sababu mezani kwetu limeletwa pendekezo la kupiga marufuku kadi mbili za goblini, na watu wameniomba mimi, kwa kuwa nina takwimu, niseme ni zipi. Nimekataa. Katika mifano ile kadi zilithibitishwa na maelfu ya michezo ya watu waliokuwa wanajitahidi kuzishinda. Sisi tuna michezo 12 na jedwali lililopigiwa tarumbeta. Tukiziondoa goblini, jedwali litamtaja mwingine juu Jumamosi hiyo hiyo, kwa maana jedwali lililopangwa kwa asilimia haliwezi kukosa wa kwanza. Tutaondoa kadi mpaka tubaki na za ardhi.

Mwalimu ana hoja dhidi yangu na ni nzito, naiweka hapa bila kuipunguza. Anasema: ukificha nambari, wenye rafiki Nairobi watazipata tu, na wenye kuumia ni wale kama kijana wetu ambaye hana mtu wa kumuuliza. Jedwali ndilo lililomfanya awe sawa na wengine. Nimelifikiria hilo siku tatu. Ni kweli kwa mtu anayeingia mashindano yenye zawadi. Huyo mpe kila nambari iliyopo. Lakini kijana hakuwahi kuniomba nambari. Alikuwa anajua anashindwa, alikuwepo aliposhindwa! Nilichomfanyia ni kumwonyesha wengine saba, kila Jumamosi usiku, kwamba yuko mkiani, na kuwafanya wenye deki alizoweza kuzishinda wazitupe. Uyoga wake ulikuwa unaisumbua deki ya kungoja. Dhidi ya goblini watano haukuwa na dakika arobaini za kuzaana.

Kwa hiyo hiki ndicho nilichobadilisha kwenye programu. Nimefuta kabisa mpangilio wa asilimia. Matokeo yanaendelea kuandikwa, lakini yanatolewa baada ya Jumamosi kumi, si kila wiki. Yakitolewa, yanaonyesha deki hii dhidi ya ile, na jozi iliyochezwa chini ya mara 30 inaonyesha idadi ya michezo peke yake bila kusema nani anaongoza. Mwenye duka la M-Pesa amelalamika kwamba kwa kasi yetu tutafika michezo 30 ya jozi moja mwakani. Ndiyo. Nimemwambia ndiyo.

Pia tumekubaliana kujaribu kitu kingine mwezi ujao: boksi moja la wote, kadi 360, ambazo watu wanane wanazigawana 45 kila mmoja kwa kuchagua moja na kupitisha zilizobaki kwa jirani, kisha kila mtu anapanga deki hapo hapo ya kadi 40. Duniani watu wanauita mtindo huu cube. Unakuja mikono mitupu, unaondoka mikono mitupu, kama kadi yetu ya zamani. Sina hakika nitaupenda. Utamu wa kukaa kitandani kupanga deki yako unapotea, na mwalimu amesema wazi kwamba anakuja mara moja tu kuona. Lakini jedwali la wiki iliyopita halitamsaidia mtu yeyote pale, hilo nina uhakika nalo.

Jana nilimpigia kijana. Nilimwambia jedwali limekufa na ni mimi niliyeliua. Akauliza kama bado wote wana goblini, nikasema wanne, mmoja ameshachoka nazo. Akanyamaza kidogo, akauliza bei ya kuchapisha ukurasa kwa rangi siku hizi. Nikamuuliza anataka kupanga nini. Hakuniambia.

Hifadhidata sehemu ya pili ni wiki ijayo, safari hii kweli.